Sivananda: Daktari aliyewafundisha watu kulaza mwili ili moyo upate kutulia

FOLENI ya malori inaporefuka kutoka Malaba na kurudi nyuma kuelekea Bungoma, kuna mzigo mmoja usioandikwa katika hati za forodha. Ni ule anaoubeba dereva mwenyewe: siku nyingi mbali na nyumbani, usingizi wa kukatikakatika ndani ya lori, hofu ya mali kuibwa usiku, na simu za jamaa wanaotaka kujua atarudi lini.

Kusini kidogo, mjini Busia, mzigo huo huvaa sura nyingine. Humwelemea mama anayevusha samaki na vitunguu bila kujua kama siku itaisha kwa faida au kwa hasara. Humwandama pia kijana wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani katika miaka ya 1960, wakati wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili.

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa tu kwamba mtu fulani ana mawazo. Neno hilo hufunika mengi: wahaka, majonzi, hasira iliyofichwa, kukosa usingizi, na ile hali ya moyo kwenda mbio hata pale ambapo hakuna kinachomkimbiza mtu.

Miongoni mwa njia zilizosambaa duniani za kuupunguza mzigo wa aina hiyo, ipo moja isiyohitaji mashine wala dawa. Mtu hulala chali na kufumba macho. Sauti ya mwenzake humwongoza kulegeza kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, huku akiifuatilia pumzi yake. Ndiyo mapumziko ya yoga yanayoongozwa kwa sauti.

Njia hiyo ina wazazi wengi. Hata hivyo, mmoja kati ya waliofanya makubwa zaidi kuitoa kwa watawa wa milimani na kuifikisha majumbani kwa watu wa kawaida alikuwa daktari wa hospitali ya shambani, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Swami Sivananda. Aliaga dunia mwaka 1963.

Sivananda hakuwahi kuishi Afrika Mashariki. Lakini mkasa wa maisha yake ulianzia mahali ambapo mkazi yeyote wa Malaba angepatambua: kituo cha kazi ugenini, miongoni mwa watu waliotoka mbali kutafuta riziki, ambao miili yao ilichoka na nyoyo zao zikachoka zaidi.

MTOTO WA PATTAMADAI

Alizaliwa Septemba 8, 1887 katika kijiji cha Pattamadai, karibu na mji wa Tirunelveli, kusini kabisa mwa India. Wazazi wake walimpa jina la Kuppuswami. Baba yake alikuwa afisa wa mapato, na familia ilikuwa ya tabaka la Wabrahmini walioheshimu elimu na ibada.

Wanaosimulia utoto wake wanamtaja kama mvulana mchangamfu, hodari wa masomo na mpenda mazoezi ya mwili. Hakuonyesha dalili ya kuikimbia dunia. Alichokitamani ni udaktari, na alijiunga na chuo cha tiba mjini Tanjore, ambako inaelezwa kwamba alipenda kubaki hospitalini hata wakati wa likizo.

Kifo cha baba yake kilimkatiza masomo. Kijana huyo hakukunja mikono. Mwaka 1909 alianzisha jarida la afya aliloliita Ambrosia, kwa msaada wa fedha kidogo kutoka kwa mama yake. Kwa takriban miaka minne aliandika na kuhariri makala za kuwafunza watu wa kawaida namna ya kujikinga na maradhi.

Tabia hiyo ya kuandika kwa ajili ya mtu asiye mtaalamu haikumtoka tena. Ndiyo itakayoeleza kwa nini, miongo kadhaa baadaye, mafunzo yake yaliwafikia watu ambao hawakupata kumwona kwa macho.

DAKTARI WA VIBARUA

Mwaka 1913 aliabiri meli kuelekea Malaya, nchi ambayo leo ni Malaysia. Huko Waingereza walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya mpira, na vibarua wengi walikuwa Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India. Kuppuswami alipata kazi ya kusimamia hospitali ya shamba moja karibu na mji wa Seremban.

Historia hiyo si ngeni kwa Kenya. Himaya hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kati ya mwaka 1896 na 1901 ili kutandika reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Tawi la reli lililojengwa baadaye kupitia Eldoret na Malaba lilifika Kampala mwaka 1931, na mji wa Malaba ukapata sababu ya kukua.

Kazi ya daktari shambani ilikuwa ya kuchosha. Walikuja wagonjwa wa malaria, wenye majeraha ya kazini, wenye kuhara na wenye utapiamlo. Wasimulizi wa maisha yake wanasema aliwatibu maskini bila malipo, na mara nyingine aliwapa fedha za kununua chakula walipotoka hospitalini.

Baada ya takriban miaka saba aliondoka shambani, akafanya kazi ya tiba mjini Johor Bahru, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Singapore. Kwa kipimo cha dunia alikuwa amefanikiwa. Alikuwa na mshahara mzuri, heshima na jina.

Hata hivyo, swali lilikuwa limemganda. Mtu hupona homa, akarudi nyumbani, na bado akabaki na huzuni. Kidonda hufunga, lakini hofu haifungi. Daktari alianza kujiuliza ni tiba gani ingefika mahali ambapo sindano haifiki.

Inasimuliwa kwamba kitabu alichopewa na mtawa mmoja aliyemtibu kilimfungulia mlango wa falsafa ya Vedanta na mazoezi ya yoga. Mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, aliacha kazi, akarejea India na kuanza kutangatanga kama mtawa asiye na mali.

ZAHANATI KANDO YA GANGES

Mwaka 1924 alifika Rishikesh, mji ulio chini ya milima ya Himalaya ambako mto Ganges unateremka kuelekea tambarare. Hapo mtawa aitwaye Vishwananda Saraswati alimwingiza rasmi katika utawa, naye akapewa jina la Sivananda Saraswati.

Kwa miaka kadhaa alijifungia katika taamuli, mfungo na kimya. Lakini udaktari haukumtoka. Muda si mrefu alifungua zahanati ndogo ya bure karibu na Lakshman Jhula, kwenye njia ya mahujaji wanaopanda milimani, akitumia fedha alizopata kutokana na bima yake ya zamani.

Uamuzi huo unaeleza mengi juu ya msimamo wake. Wapo watawa waliouona mwili kuwa kikwazo cha kuachwa nyuma. Sivananda aliuona kuwa chombo cha kutunzwa. Kwake, mgonjwa mwenye homa alihitaji dawa kwanza, mahubiri baadaye.

Mwaka 1936 alianzisha Chama cha Maisha ya Kiungu, ambacho makao yake yalikuwa banda kuukuu la ng'ombe kando ya mto. Kutoka bandani humo yalimea majengo, kiwanda cha kupigia chapa, duka la dawa za asili lililofunguliwa mwaka 1945, na mwaka 1948 chuo cha kufundisha yoga na Vedanta.

Aliandika bila kuchoka. Vitabu vyake vilizidi 200, na vingi vilitolewa kwa lugha ya Kiingereza rahisi ili visomwe popote. Viligusa chakula, usingizi, pumzi, hasira, hofu na namna ya kuutawala moyo. Barua zilimiminika kutoka nchi nyingi, naye alizijibu na kutuma vitabu, aghalabu bila malipo.

Uchapaji huo ndio uliomtofautisha na mabwana wengi wa yoga wa enzi yake. Elimu iliyokuwa ikipokewa kwa kukaa miaka mingi chini ya mwalimu mmoja sasa iliweza kuingia kwenye bahasha na kumfikia karani, mwalimu au mfanyabiashara aliye mbali na India.

MAITI ASIYEKUFA

Katika mazoezi aliyoyafundisha mlikuwamo mkao mmoja unaoonekana mwepesi kuliko yote. Kwa Kisanskriti huitwa shavasana, yaani mkao wa maiti. Mtu hulala chali, miguu ikiwa imeachana kidogo, mikono kando ya mwili, viganja vikitazama juu.

Mkao huo haukuwa mpya. Unatajwa katika maandiko ya yoga ya karne nyingi zilizopita kama njia ya kuondoa uchovu. Sivananda aliuchukulia kwa uzito wa kitabibu. Alielekeza kwamba misuli ilegezwe kwa mpangilio kuanzia vidole vya miguu, ndama, mapaja, mgongo, mikono, shingo na uso, na hatimaye akili nayo iachwe itue.

Wanafunzi waligundua upesi kwamba jambo hilo jepesi ni gumu. Mtu mwenye wasiwasi hulala huku taya zikiwa zimekazwa na mabega yamepanda. Hajui kwamba amejikaza, kwa sababu amekaa hivyo miaka mingi hata akaona ndiyo hali ya kawaida.

Sayansi ya mwili inaeleza sababu. Mfumo wa neva unaoendesha moyo, pumzi na tumbo una pande mbili. Upande mmoja huuandaa mwili kupigana au kukimbia. Moyo huharakisha, pumzi hufupika na misuli hukaza. Upande wa pili huurudisha mwili katika hali ya kupumzika na kusaga chakula.

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige polepole. Lakini anaweza kurefusha pumzi anayotoa na kulegeza misuli kwa hiari. Moyo hufuata. Pumzi ni kama kamba iliyofungwa kwenye mashua: huwezi kuishika mashua iliyo kilindini, lakini ukiivuta kamba taratibu, itakuja.

Hapo ndipo daktari na mtawa walipokutana ndani ya mtu mmoja. Alichokitafuta tangu Malaya, yaani njia ya kuifikia hofu isiyofikiwa na sindano, alikuta kinaanzia kwenye misuli na pumzi ambavyo kila mtu anavyo.

SHOKA LA MWAKA 1950

Mafunzo ya utulivu hupimwa siku ya misukosuko. Kwa Sivananda, siku hiyo ilifika Januari 1950. Jioni moja, wakati wa ibada ukumbini, mtu mmoja alimvamia kwa shoka. Pigo lilikosa shabaha, na watu waliokuwapo wakamkamata mshambuliaji.

Sivananda hakutaka mtu huyo ashtakiwe. Alimtembelea alipokuwa amezuiliwa, akampa vitabu na zawadi, na kufanya mipango arudishwe kwao salama. Wafuasi wake walikuwa na hasira kumliko yeye aliyekusudiwa kuuawa.

Tukio hilo hukumbukwa na wafuasi wake kama ushahidi wa utakatifu. Linaweza pia kusomwa kwa jicho la kawaida: mtu aliyejizoeza kutulia kwa miaka zaidi ya 20, siku zisizo na hatari, aliweza kuutumia utulivu huo siku ya hatari. Zoezi halikumlinda na shoka. Lilimlinda asitawaliwe na shoka hilo baada ya kupita.

Baadaye mwaka huo alifanya safari ndefu ya kuzunguka India na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akihutubia umati. Miaka iliyofuata afya yake ilidhoofika, huku kisukari kikimsumbua. Aliendelea kufundisha na kuandika hadi alipofariki Julai 14, 1963, akiwa na umri wa miaka 75.

WANAFUNZI WAVUKA MIPAKA

Urithi wake ulisambazwa na wanafunzi. Swami Sahajananda alianzisha tawi la chama hicho mjini Durban, Afrika Kusini, mwaka 1949, katikati ya jamii yenye asili ya India iliyokuwa ikiingia katika miaka migumu ya ubaguzi wa rangi. Vishnudevananda alitumwa nchi za Magharibi mwaka 1957 na kufungua kituo Montreal, Canada, ambako kila kipindi cha yoga kilimalizika kwa wanafunzi kulala chini na kuongozwa kulegeza mwili.

Aliyelifikisha mbali zaidi jambo la kuongozwa kwa sauti ni Satyananda Saraswati. Alifika Rishikesh mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akakaa na Sivananda kwa takriban miaka 12 kabla ya kwenda zake na, katika miaka ya 1960, kuanzisha shule ya yoga mjini Munger, jimboni Bihar.

Satyananda alisimulia kwamba wakati mmoja alipewa kazi ya kulinda shule usiku. Alfajiri alilala fofofo huku wavulana wakikariri aya za Kisanskriti. Baadaye alipozisikia tena aya hizo akiwa macho, alizitambua, ingawa hakukumbuka kuwahi kujifunza. Akahitimisha kwamba katika ukingo wa usingizi akili huendelea kupokea.

Kutokana na fikra hiyo alitunga zoezi aliloliita yoga nidra, yaani usingizi wa yoga, na kulichapisha kitabuni mwaka 1976. Mlalaji husikia sauti ikitaja sehemu za mwili moja baada ya nyingine, kisha pumzi, kisha hisia zinazokinzana kama uzito na wepesi, joto na baridi. Mwanzoni na mwishoni huweka nia fupi moyoni.

Haki inadai kutajwa kwamba India haikuwa peke yake. Mwaka 1929 daktari Edmund Jacobson wa Marekani alichapisha kitabu juu ya kulegeza misuli hatua kwa hatua, na mwaka 1932 Johannes Schultz wa Ujerumani alitoa mbinu yake ya kujituliza kwa kuhisi joto na uzito mwilini. Wanahistoria wa yoga wamebainisha kwamba mito hiyo ilichanganyika.

Mchanganyiko huo haupunguzi thamani ya njia. Unaonyesha tu kwamba madaktari wa mabara tofauti, wakiwatazama wagonjwa wao, waliliona jambo lile lile: woga hukaa mwilini, na mwili ni mlango wa kuutolea.

SOMO KWA WATU WA MPAKANI

Busia na Malaba zimeona mengi ya kuutikisa moyo. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafanya maelfu ya Wakenya kuvuka mpaka kuingia Uganda kutafuta usalama. Wapo waliovuka na watoto na godoro tu.

Mei 2020, wakati wa janga la korona, madereva walisubiri vipimo huku foleni ya kuelekea Malaba ikienea makumi ya kilomita. Juu ya uchovu, walibebeshwa fedheha: baadhi ya watu waliwatazama kama wabebaji wa ugonjwa, wakaogopa hata kuwauzia chakula.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwamo cha Busia kilichozinduliwa na marais wa nchi hizo mbili Februari 2018, vilijengwa ili kupunguza kusubiri. Hata hivyo, kompyuta ya forodha haiwezi kuondoa wasiwasi uliokwisha kujenga kiota ndani ya mtu.

Nchini Kenya, wengi walinyamaza pia kwa kuiogopa sheria. Kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 9, 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Uamuzi huo ulikiri kwamba mtu aliyefika ukingoni anahitaji kusaidiwa badala ya kufungwa.

Je, sauti inayoongoza utulivu inaweza kweli kumsaidia mtu wa hali ya chini, asiye na mwanasaikolojia karibu? Jibu la karibu zaidi linatoka ng'ambo ya mpaka wenyewe, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Huko watafiti walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao hutumia sauti zilizorekodiwa na kijitabu chenye picha. Wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walihusishwa. Waliopata mafunzo hayo walikutana kwa vikundi mara 5, wakiongozwa na wasaidizi wasio wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi 3 baadaye dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakuupitia mpango huo.

Mpango huo si yoga, wala haukutoka Rishikesh. Lakini unafanana na zoezi la Sivananda katika jambo la msingi: sauti tulivu, pumzi, na kurudisha akili mahali mwili ulipo. Unathibitisha kwamba jambo hilo linaweza kufanyika chini ya mti, kwa lugha ya wenyeji, bila gharama kubwa.

Mpakani, sauti hiyo ingeweza kuzungumza Kiswahili, Kiteso, Kiluhya au Kiganda. Dereva anaweza kuegemeza kiti cha lori akiwa ameegesha, kamwe si akiwa barabarani, akasikiliza rekodi kwenye simu kwa dakika 15. Kikundi cha akina mama wa chama kinaweza kutandika mkeka kabla ya kuhesabu michango, mmoja akasoma maelekezo polepole.

Hatua zenyewe hazina siri. Mtu hulala au huketi akiwa ameegemea. Huvuta pumzi puani na kuitoa taratibu zaidi kuliko alivyoivuta. Huelekeza akili kwenye miguu, akailegeza. Kisha tumbo, kifua, mabega, taya na paji la uso. Wazo likija, haligombezi. Huliacha lipite na kurudi kwenye pumzi. Mwishoni hunyosha viungo na kuinuka bila haraka.

Yapo maswali ya imani. Baadhi ya Wakristo na Waislamu huihofia yoga wakidhani ni mlango wa ibada ya Kihindu. Ni kweli kwamba Sivananda alikuwa Mhindu na alifundisha dini yake waziwazi. Ila kulegeza misuli na kurefusha pumzi si mali ya dini yoyote, na anayetaka kusali kwa njia ya imani yake akiwa ametulia hazuiwi na zoezi hilo.

Upo pia mpaka wa tiba ambao Sivananda, kwa kuwa alikuwa daktari, aliuelewa. Mapumziko ya aina hii hayaponyi sonona kali, hayachukui nafasi ya dawa alizoandikiwa mgonjwa, na hayamtoshi anayesikia sauti zisizokuwapo au anayefikiria kujitoa uhai. Huyo apelekwe hospitalini bila kuchelewa na asiachwe peke yake.

Hata kwa waliopitia vita, ubakaji au ajali mbaya, kufumba macho na kulala kimya kunaweza kuamsha kumbukumbu chungu. Wanaoongoza hushauriwa kumruhusu mtu kama huyo aketi, abaki na macho wazi, au asimame pale anapotaka. Utulivu wa kulazimishwa si utulivu.

Vilevile, kulegeza mwili hakuwezi kuwa kisingizio cha kuacha foleni zirefuke, mishahara icheleweshwe au wachuuzi wanyanyaswe. Zahanati ya Lakshman Jhula ilifunguliwa na mtu aliyejua kwamba mwenye njaa hupewa chakula kwanza. Kinachoumiza kwa nje huondolewa kwa nje. Kinachobaki ndani ndicho pumzi inachoweza kukifikia.

Kuppuswami wa Pattamadai aliondoka Malaya akiacha mshahara na jina, akitafuta jibu la swali ambalo vibarua wake hawakuwa na maneno ya kuliuliza. Jibu alilolipata halikuwa la ajabu. Lilikuwa kwamba kutulia ni ujuzi, kama kusoma au kuogelea, na kwamba ujuzi hufundishika kwa yeyote mwenye sakafu ya kulalia na mtu wa kumsemesha kwa upole.

Zaidi ya miaka 60 tangu afariki, ujuzi huo umevuka mipaka mingi bila pasipoti. Kwa dereva anayesubiri zamu yake Malaba, au mama anayefunga kibanda chake Busia jioni, hautafupisha foleni wala kuongeza faida. Unaweza kumpa usiku mmoja wa usingizi, na aliyelala vyema huamka na nguvu za kuitafuta kesho. Haraka haraka, walisema wahenga, haina baraka.